Mlima Uko Engaresero, Biashara Iko Karatu

Tuseme mtihani wa mwisho wa muhula una swali moja tu: eleza kwa nini kijiji chenye volkano ya aina yake, ziwa la heroe, maporomoko ya maji na nyayo za binadamu wa kale kina biashara chache kuliko mji usio na hata kimoja kati ya hivyo. Wengi wetu tungeanza kumwaga majina. Weber, Christaller, Marshall, Krugman. Majina tumeyakariri, siku ya pepa tunayatapika, na jioni yake tukiwa kantini tumeshayasahau. Makala hii inayashusha majina hayo kutoka kwenye slaidi za mhadhiri hadi kwenye vumbi la Bonde la Ufa, tuone lipi linafanya kazi na lipi linatuzungusha tu.

Kijiji chenyewe ni Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro, karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Natron. Juu yake umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Ni volkano hai ya pekee duniani inayotoa lava ya magadi, na mara ya mwisho ililipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Kwenye tope la majivu lililoganda karibu na ziwa kuna nyayo zaidi ya 400 za watu waliopita hapo kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Mwaka 2018 eneo zima la Ngorongoro na Lengai, pamoja na sehemu za Karatu na Monduli, liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya jiopaki za dunia. Kwa kifupi, kama vivutio pekee vingekuwa vinaleta biashara, Engaresero leo ingekuwa na foleni.

Mji ni Karatu. Mlima wa Mungu haupo hapo, kreta haipo hapo, ziwa halipo hapo. Kilichopo ni hoteli kwa makumi, benki, gereji, maduka ya vipuri, maduka ya jumla na mnada wa kufa mtu. Kwa nini?

Kabla ya yote tuondoe jibu la mtaani, lile la kusema "watu wa kule hawapendi biashara". Hilo si jibu, ni uvivu. Mmaasai anayepeleka ng'ombe mnadani anajua bei kuliko sisi tunavyojua GPA zetu. Tutafute sababu pengine.

Magadi mawili, reli moja

Alfred Weber aliandika mwaka 1909 kwamba kiwanda hukaa pale ambapo jumla ya gharama za kusafirisha malighafi na bidhaa ni ndogo zaidi. Kama malighafi inapoteza uzito mkubwa ikichakatwa, kiwanda kinavutwa kwenye chanzo chake. Ndiyo maana viwanda vya sukari viko mashambani, na hakuna anayesomba miwa ya Kilombero kwenda kuikamulia Dar es Salaam.

Ukimfuata Weber mpaka hapo tu, Natron ilipaswa kuwa na kiwanda cha magadi zamani sana. Ziwa lenyewe limejaa magadi. Lakini ukivuka mpaka kwenda Kenya, kaskazini kidogo tu, utakuta ziwa lingine lenye magadi yale yale, na jina lake ni Magadi. Huko kampuni ilianzishwa mwaka 1911 na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa na Nairobi, mpaka ziwani. Upande wetu reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka huo huo wa 1911 na ikaishia hapo. Arusha yenyewe ilingoja hadi mwisho wa miaka ya 1920. Natron haikupata kitu.

Maziwa ni mawili, malighafi ni ile ile, bonde ni lile lile, lakini mji wa kiwanda umeota kwenye ziwa moja tu. Tofauti ni reli iliyowekwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na ona kilichofuata: kati ya 2006 na 2008, pale Tata Chemicals ya India na Shirika letu la Maendeleo la Taifa (NDC) walipopendekeza kiwanda cha tani 500,000 kwa mwaka Natron, Tata tayari walikuwa wameshanunua kampuni inayomiliki Magadi. Mtaji na ujuzi vilikuwa vinatoka kulekule vilikotangulia kukaa. Mpango ulisimama baada ya upinzani mkubwa wa watetezi wa mazingira, kwa sababu Natron ndipo mahali pa pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaliana kwa uhakika, na bonde lake ni ardhi oevu iliyosajiliwa kwenye Mkataba wa Ramsar tangu 2001. Baadaye NDC iligeukia magadi ya Engaruka.

Mimi naona uamuzi wa kuwaacha heroe ulikuwa sahihi, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninachotaka ukishike hapa ni kwamba malighafi hukualika tu. Anayekuja kwanza, na njia anayoijenga, ndivyo vinavyoamua wengine watafuata wapi.

Nairobi, Arusha na kufuli la 1977

Paul Krugman aliliweka hilo kwenye hesabu mwaka 1991, na mwaka 2008 akapewa Nobel, kwa sehemu kwa kazi hiyo. Hoja yake ukiivua herufi za Kigiriki ni nyepesi. Biashara nyingi zina faida za ukubwa: kuoka mikate elfu moja mahali pamoja ni nafuu kwa kila mkate kuliko kuoka hamsini hamsini katika vijiji ishirini. Kusafirisha nako kuna gharama. Basi mwenye biashara atachagua kukaa sehemu moja, na sehemu hiyo itakuwa ile yenye wateja wengi. Wateja wengi wako wapi? Pale zilipo biashara nyingi, kwa sababu wafanyakazi wa biashara hizo nao ni wateja. Duara hilo linajilisha lenyewe. Likishaanza mahali, kulihamisha ni shughuli.

Shughuli yenyewe tumeiona hapa kwetu. Kabla ya 1977 mtalii wa Ngorongoro na Serengeti mara nyingi alianzia Nairobi. Kampuni zilikuwa Nairobi, magari Nairobi, ndege za kutoka Ulaya Nairobi. Sisi tulikuwa na wanyama, wenzetu walikuwa na risiti. Tanzania ilikuwa imeshafungua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971, tena mkubwa, lakini duara la Nairobi halikutikisika sana. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Ulifunguliwa tena Novemba 1983.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa, tusidanganyane. Watalii walipungua vibaya. Lakini polepole kampuni za safari zilianza kuota Arusha, madereva wakafundishana, mafundi wa Land Rover wakapata kazi. Mpaka ulipofunguliwa tayari kulikuwa na kitu cha kushindana. Njia ya Bologonja kati ya Serengeti na Maasai Mara haijarudishwa kwa watalii mpaka leo, kwa hiyo anayetaka kuona pande zote mbili lazima azunguke. Ukiwauliza wachumi wa soko huria watasema kufunga mpaka ni kosa. Krugman angekujibu kwa tahadhari zaidi: duara likishakaa mahali, bei peke yake haiwezi kulivunja, inahitajika nguvu ya nje. Nguvu hiyo ina gharama, na gharama ya miaka sita ile ililipwa na watu wa kaskazini mwa Tanzania, si na waandishi wa vitabu.

Geti linajenga mji nje yake

Sasa Karatu. Iko karibu kilomita 150 kutoka Arusha, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya geti la Loduare la Ngorongoro. Wengine watakwambia Karatu imekua kwa sababu ya lami iliyotoka Makuyuni hadi getini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani. Ni kweli nusu. Lami hiyohiyo inapita vijiji vingine ambavyo vimebaki vijiji.

Sababu ya pili haimo kwenye vitabu vya Wajerumani: ni sheria. Tangu Hifadhi ya Ngorongoro ianzishwe mwaka 1959, ujenzi na kilimo ndani yake vimekuwa na masharti makali. Hoteli chache ziko juu ya kingo za kreta na bei zake unazijua, au bora usizijue. Kila biashara ambayo ingependa kuwa karibu na kreta lakini haiwezi kuingia hukaa nje ya geti, mahali pa karibu kabisa panaporuhusiwa. Ni kama stesheneri, chipsi na vibanda vya kutoa kopi vinavyobanana nje ya geti la chuo. Chuo hakikupanga kujenga mtaa ule, ila geti limeujenga.

Sababu ya tatu ni shamba. Wairaqw wa Karatu wanalima ngano, mahindi na maharage, kahawa iko kwenye miteremko, na vitunguu vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi vinapita hapo kwenda sokoni. Kwa hiyo hoteli ya Karatu inapata mboga bila kuzisafirisha kutoka mbali, na fundi aliyekuja kutengeneza trekta anatengeneza pia gari la watalii. Duka la vipuri halijali pesa imetoka kwa mkulima au kwa Mzungu.

Hapo ndipo Alfred Marshall anapoingia. Mwaka 1890 alieleza kwa nini wafua vyuma au wafumaji wa Uingereza hukaa pamoja: wafanyakazi wenye ujuzi huja wenyewe, wauzaji wa vifaa nao huja, na ufundi huacha kuwa siri kwa sababu watoto wanaukuta mtaani. Kama unaona hayo ni ya Uingereza, nenda Keko ukanunue kitanda, au Mwenge ukaangalie vinyago. Fundi wa Keko akiishiwa vanishi haendi mbali. Akikosa msaidizi siku ya oda kubwa, anapiga mluzi. Anayeiba ubunifu wa jirani leo, kesho naye anaibiwa, na mteja ndiye anayefaidi. Karatu ni Keko ya safari: dereva akiumwa, simu moja inaleta mwingine.

Walter Christaller, mwaka 1933, aliuliza swali la upande wa pili: biashara ipi itakaa mji upi? Kila huduma, alisema, ina kizingiti cha wateja, yaani idadi ya chini inayoiwezesha kuishi. Fundi pancha kizingiti chake ni kidogo, utampata karibu kila kijiji penye njia. Fundi wa springi anahitaji magari mengi zaidi, huyo utamkuta Mto wa Mbu au Karatu. Giaboksi ikifa, bwana, jiandae kwenda Arusha. Huduma zimepangana kama ngazi, na Engaresero iko kwenye ngazi ya pancha. Christaller alichora ramani yake juu ya tambarare isiyo na mlima wala mto, jambo ambalo mtu aliyewahi kupanda kona za Mto wa Mbu kwenda Karatu na lori la mzigo anaweza kumcheka. Lakini ngazi yenyewe ipo.

Mkate na lami

Twende sasa kwenye kinachouma. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kupitia Engaruka, ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na makorongo. Barabara hiyo ni sehemu ya njia ndefu ya kwenda Loliondo. Ilikuwa pia sehemu ya mpango wa barabara kuu ya Arusha hadi Musoma uliofika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia lami isipite ndani ya Serengeti. Hukumu hiyo iligusa hifadhi, si kilomita za Natron. Kipande cha Waso hadi Sale, kilomita 49, kimeshawekewa lami. Kwa hiyo siku moja lami itafika Engaresero, na kila mwanasiasa atakwambia italeta biashara. Je, italeta?

Chukua mfano wa mkate, namba ni za kubuni. Tanuri la Karatu linatoa mkate kwa shilingi 800 kwa sababu linaoka mingi. Mama wa Engaresero anaoka michache, kwake mkate unagharimu 1,300. Kwenye barabara ya vumbi, kusafirisha mkate mmoja kutoka Karatu kunaongeza 700, hivyo unafika kwa 1,500. Mama anashinda kwa 200. Sasa weka lami, usafiri ushuke hadi 200. Mkate wa Karatu unafika kwa 1,000. Unga wa mama nao umeshuka bei, tuseme mkate wake sasa ni 1,150. Bado ameshindwa. Kijiji kinakula mkate wa bei nafuu, na hilo ni jema la kweli, tusilidharau. Ila mama amefunga tanuri, na kijana aliyekuwa anamsaidia amepanda gari la kwenda Karatu kutafuta kazi.

Gunnar Myrdal aliuona mchezo huo mwaka 1957. Mji unaokua, alisema, unasambaza baadhi ya faida zake kwa majirani, lakini pia unawanyonya: vijana, akiba, wateja. Mnyonyo mara nyingi hushinda mwanzoni. Barabara inapita pande zote mbili, na anayeitumia vizuri zaidi ni yule aliyeanza akiwa mkubwa.

Tena kwa Engaresero mnyonyo haungoji lami. Kundi la watalii wa Lengai mara nyingi linaondoka Arusha na mpishi wake, mahema yake, nyanya zake na maji yake ya chupa. Wanalala usiku mmoja au mbili, wanaanza kupanda mlima karibu na usiku wa manane ili jua lisiwachome, wanashuka asubuhi, wanaondoka. Kinachobaki kijijini ni ushuru, ada ya kambi, malipo ya mwongozaji na shanga walizonunua kwa akina mama. Lami itafupisha safari hiyo. Kuna hatari kwamba atakayelala leo ataweza kesho kuja na kurudi Mto wa Mbu siku hiyohiyo.

Nasema hatari, sisemi lami isijengwe. Mjamzito anayewahishwa hospitali hana muda wa kumsikiliza Myrdal. Swali ni nini kifungwe mahali kabla lami haijafika. Na hapa Marshall ana maana kuliko Porter na klasta zake za makabrasha, kwa sababu vitu vingine haviwezi kupakiwa kwenye gari. Kupanda Lengai gizani, kujua korongo lipi limebomoka baada ya mvua, kusoma moshi wa kileleni: huo ni ujuzi unaokaa Engaresero na unafundishwa hapo kijana kwa kijana. Ukiwekewa utaratibu, kwamba hakuna kundi linalopanda bila mwongozaji wa kijiji aliyefuzu, na malipo yakajulikana, umetengeneza mkusanyiko mdogo ambao Karatu haiwezi kuuoka na kuuleta kwa lori. Mwongozaji anakula, kwa hiyo mama lishe ana kizingiti chake. Mama lishe ananunua mbuzi, kwa hiyo mfugaji hapeleki kila mnyama mnadani. Duara dogo, lakini ni duara.

Ardhi nayo. Lami ikishatangazwa, viwanja vya karibu na mto ndivyo vitakavyopanda bei kwanza. Kijiji kinachokodisha kwa mkataba mfupi na kupitia upya kodi yake kitapata sehemu ya faida ya msongamano. Kinachotoa mkataba wa miaka mingi kwa bei ya enzi za vumbi kitaitazama faida hiyo ikienda kwa mwenye kambi. Hili halihitaji nadharia mpya, linahitaji mtu wa kusoma mkataba kabla mkutano wa kijiji haujapiga kura, na vyuo vyetu vina wanasheria wa mwaka wa nne wanaotafuta pa kufanyia mazoezi.

Wasioamini kwamba mkusanyiko unaweza pia kufa wasimame Engaruka, njiani. Kati ya karne ya 15 na ya 18 kulikuwa na vijiji vikubwa vya wakulima, matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia maelfu ya ekari. Kisha watu wakaondoka. Mawe yapo, na kila mtaalamu ana maelezo yake: maji, udongo, majirani. Krugman hakuandika sana kuhusu kufa kwa miji, na nadhani ni upungufu.

Kwa mwenye kutafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, hii hapa na sidai haki miliki. Panda na kundi moja la watalii kutoka Arusha hadi Engaresero na kurudi. Beba daftari. Andika kila shilingi inayotoka: mafuta yamewekwa wapi, nyanya zimenunuliwa kwa nani, mpishi analala wilaya gani, pancha imezibwa na nani. Gawanya kwa vituo vinne: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaresero. Siku tatu zinatosha, na kompyuta ya chumba cha kozi inatosha kwa jedwali. Fanya kabla ya lami, mwenzako aje arudie baada yake. Ukifika kijijini anza kwa kuuliza bei ya mkate.